Kulinda miche ya miti Dar es Salaam: kuanzia mbuzi wa jirani mpaka nguruwe pori

Ukipanda mche wa mwembe Goba au Chanika mwezi wa nne, mvua ya masika itakusaidia kuutunza mpaka mwezi wa sita hivi. Kazi inaanza mvua ikikatika. Nyasi za kando ya barabara zinakauka, viwanja visivyojengwa vinabaki vumbi, na mche wako unaomwagiliwa kila jioni unakuwa kitu kibichi pekee mtaa mzima. Mbuzi aliyekuwa akipita bila hata kuutazama sasa anaufuata makusudi. Ndiyo maana miti mingi inayopandwa kwa mbwembwe Machi 21, Siku ya Misitu Duniani, picha zikapigwa na watu wakatawanyika, haifiki mwezi wa kumi.

Ukitafuta mtandaoni namna ya kulinda miti michanga, maelezo mengi yanahusu wale wanyama wa Ulaya na Marekani wenye pembe za matawi (deer), ambao porini kwetu hawapo. Utaambiwa uvishe mche mrija wa plastiki wa mita 1.2, au uzungushie shamba uzio wa mita 2.4 kwa sababu wanyama hao wanaruka sana. Kwao vipimo hivyo vina maana. Hapa mrija uliofungwa pande zote utauchemsha mche kwa jua la Januari, na uzio mrefu wa bei mbaya ukiacha upenyo chini, paa atapenya. Kwa hiyo usinunue hata futi moja ya waya kabla hujajua nani anakula miche yako.

Hatua ya 1: Mjue mlaji

Anza na jani au kijiti kilichobaki. Kikate chini kidogo ya palipoliwa, ukiweke kwenye kiganja, ukitazame kwa karibu. Mbuzi, ng'ombe, kondoo, paa na funo hawana meno ya mbele ya juu. Wanabana jani kati ya meno ya chini na ufizi mgumu, halafu wanavuta. Kwa hiyo kijiti kinabaki kimechanika, nyuzi za gome zinaning'inia upande mmoja. Sungura na panya wana meno ya mbele juu na chini, na wao huacha mkato safi wa mshazari kama uliopitishwa wembe. Ukishaona tofauti hiyo mara moja, hutaisahau.

Kisha tazama urefu. Mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma, kwa hiyo anafikia majani ya mita moja na nusu na zaidi. Paa wetu wa misitu ya pwani ni mdogo mno, begani hazidi sentimita 40 hivi, kwa hiyo uharibifu wake uko chini ya magoti. Matawi yaliyovunjika juu, na vichipukizi vilivyotafunwa nusu na kutupwa chini mchana kweupe, hiyo ni kazi ya tumbili au kima. Udongo uliofukuliwa kama umepitiwa na jembe, mche umelala pembeni na mizizi juu, ni nguruwe pori. Gome lililogugunwa chini kabisa ya shina, na alama pana za meno, mara nyingi ni nungunungu; tafuta mwiba wake karibu. Alama nyembamba zaidi, hasa zikiwa zimefichwa na matandazo, ni panya. Majani yenye matundu na ute uliokauka unaong'aa asubuhi ni konokono, wale wakubwa wanaojaa wakati wa masika.

Mchwa nitawaeleza peke yao huko mbele. Wao huua miche mingi Dar, na lawama hupewa jua.

Bado huna uhakika? Jioni palilia kuzunguka mche, upana wa nusu mita kila upande, umwage mchanga laini uliochekechwa na uusawazishe kwa ubao. Asubuhi na mapema, kabla watoto na kuku hawajapita, soma nyayo. Kwato mbili pana zilizo butu ni za mbuzi. Kwato mbili nyembamba zenye ncha, ndogo kuliko kidole gumba chako, ni za paa. Tumbili anaacha kiganja chenye vidole. Rudia siku chache, kwa sababu mlaji si lazima aje kila siku.

Mahali ulipo nako kunakupa jibu la kuanzia. Sinza, Tabata au Mbagala, shuku mchwa, panya na mbuzi, na mpira wa watoto. Ukiwa Mabwepande jirani na Pori la Akiba Pande, au Pugu na Chanika kando ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ongeza tumbili, paa na nguruwe pori. Kigamboni ya ndani, kuelekea Kimbiji na Pemba Mnazi, wenye minazi michanga wamjue nguruwe pori mapema.

Hatua ya 2: Chagua mche na wakati

Mche mkubwa una nafasi kubwa. Chukua wenye urefu wa sentimita 60 au zaidi, shina limeanza kuwa gumu, mizizi haijazunguka ndani ya kiriba. Mche laini uliolelewa kivulini kwa maji mengi ndio mtamu zaidi kwa kila mnyama, na ndio unaokufa kwanza. Kabla ya kupanda, uache juani taratibu kwa wiki mbili hivi na upunguze maji.

Aina ya mti nayo ina uzito. Mlusina mbuzi huufuata mbali, kwani majani yake ni malisho yao. Mtiki, kwa majani yake makavu yanayokwaruza, mara nyingi wanaupita. Mwembe, mparachichi, mchungwa na mfenesi vyote vinahitaji kinga. Mwarobaini wengi husema hauguswi kwa sababu ya uchungu. Mbuzi mwenye njaa ya Septemba hajali uchungu.

Ukipanda vuli, Oktoba mpaka Desemba, mche utakuwa na miezi michache tu kabla ya joto la Januari na Februari. Ukipanda mwanzoni mwa masika unapata muda mrefu zaidi wa mvua. Vyovyote iwavyo, kinga iwekwe siku ileile ya kupanda. Watu husema watazungushia mwisho wa mwezi mshahara ukitoka, lakini mbuzi hasubiri mshahara.

Hatua ya 3: Kizimba cha mche mmoja mmoja

Kwa nyumba yenye miti mitano au kumi, kizimba cha kila mche ni nafuu kuliko uzio wa kiwanja kizima.

1. Chimba shimo la mche, sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 60. Panda, shindilia kwa mguu taratibu, mwagilia.

2. Simamisha nguzo nne kwenye pembe za mraba wenye upande wa mita moja, mche uwe katikati. Nguzo iwe na urefu wa mita mbili, sentimita 50 ziingie ardhini, mita moja na nusu ibaki juu. Mirunda inafaa, mianzi minene pia. Sehemu inayoingia ardhini ichome motoni mpaka iwe nyeusi nje, mchwa hawaipendi. Watu hupaka oili chafu. Inafanya kazi, lakini inachafua udongo, basi kama una kisima karibu au unapanda mchicha hapo, achana nayo.

3. Zungushia. Mabanzi kutoka kwa wapasua mbao ndiyo chaguo langu la kwanza: ni bei ndogo, yanaziba vizuri, na hayaibiwi. Acha upenyo usiozidi sentimita 10 kati ya banzi na banzi, kwa sababu mwanambuzi anaweza kupitisha kichwa na kunasa humo. Wavu wa kuku ni mwepesi na unapitisha hewa, lakini mbuzi akiegemea anaupinda, kwa hiyo uwe na fito mbili za kulala, moja katikati na moja juu. Fito na matete pia vinafaa, ila vikague kila mwezi.

4. Upande mmoja uufanye mlango. Fito tatu unazoweza kuchomoa zinatosha. Usipoweka mlango hutapalilia, na majani marefu ndani ya kizimba ni nyumba ya panya.

5. Funga kwa kamba ya katani au waya wa kufungia nondo, lakini kwenye nguzo tu. Kitu chochote kinachogusa shina kisiwe waya.

Kama mtaani kwako wanapitishwa ng'ombe, ongeza vipimo: urefu mita 1.8, upande mita moja na nusu, nguzo nene zaidi. Ng'ombe ana shingo ndefu, na huwa anajikuna kwenye nguzo. Kizimba cha mbuzi hakimzuii hata kidogo. Seng'enge safu mbili juu ya mabanzi humfanya aende kujikuna kwingine.

Na sasa suala la chuma. Kipande cha nondo au bomba kilichosimama kando ya barabara ya mtaa Dar es Salaam kina wateja. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani zao kila siku, na utaamka mche ukiwa umelala na nguzo hazipo. Ndani ya ukuta tumia chuma ukipenda. Nje, tumia mti. Tena ukiwa Mbweni, Kunduchi au Kigamboni, chumvi ya bahari inakula wavu wa bei rahisi mapema, basi nunua uliopakwa zinki vizuri au usinunue kabisa.

Wengi huzungushia kizimba viroba au magunia ili kuweka kivuli. Weka upande wa magharibi tu, unaopigwa na jua la alasiri, na utoboe matundu. Upepo wa kusi kuanzia Mei unapiga sana; kiroba kisichotobolewa unakikuta kimebeba kizimba chote.

Hatua ya 4: Vika shina

Kizimba hakimzuii panya. Kwa yeye, sungura na nungunungu, shina lenyewe livishwe. Kata wavu wenye matundu madogo, usiozidi sentimita moja na kidogo, uuviringishe kuzunguka shina ukiacha nafasi ya vidole viwili kila upande. Urefu sentimita 50 juu ya ardhi, na nyingine 10 zizikwe. Kwa nungunungu tumia wavu mgumu, maana ule laini wa kuku anautafuna.

Huna wavu? Chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikatwe juu na chini na ichanwe ubavuni, inavaa shina jembamba vizuri. Dumu la lita 20 lililokatwa matako linavaa mche mzima ulio mfupi. Toboa matundu mengi, na Desemba mpaka Machi ulitoe mchana kama mche hauna kivuli. Gusa ndani ya dumu saa nane mchana kwa mkono wako ujue mche unavyojisikia.

Miche midogo ya kwenye viriba ina adui mwingine: kunguru weusi, wale wa asili ya Bara Hindi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na ambao sasa wamejaa jiji. Wanang'oa, wanavunja vijiti vya kujengea viota, wanatawanya udongo. Neti kuukuu ya mbu juu ya kitalu inamaliza habari hiyo.

Hatua ya 5: Mchwa

Dalili yao hudanganya. Mche unanyauka juu huku udongo una unyevu, mwenye mche anaongeza maji, siku ya tatu umelala. Ukiuvuta kwa vidole viwili unatoka wote, mzizi haupo, sehemu ya chini imechongwa. Usisubiri kufika hapo. Kila wiki inama utazame shingo ya mche, pale shina linapoingia ardhini. Ukiona koti jembamba la udongo linapanda kwenye gome, lipasue kwa ukucha. Chini yake kuna njia yenye unyevu na wadudu weupe wanakimbia gizani. Kama gome chini ya koti bado ni zima na lina ukijani ukikwaruza, umewahi. Kama limezungukwa pande zote na limekuwa kahawia, mche huo umekwisha, hata majani yakiwa bado yana rangi.

Mchwa hufuata kitu kikavu kilichokufa kwanza. Kwa hiyo kinga yao inaanza kabla ya kupanda. Ondoa visiki na mizizi mikavu kwenye shimo. Tumia samadi iliyooza kabisa, nyeusi, isiyo na harufu ya zizi. Samadi mbichi na pumba za mbao ni mwaliko. Ukiweka matandazo, yaanze sentimita 15 kutoka kwenye shina. Hili wengi hawalifuati. Wanarundika majani makavu mpaka shingoni mwa mche wakidhani wanatunza unyevu, na hapo wamewapa mchwa daraja na panya godoro.

Mche wenye kiu ndio huliwa zaidi. Wakati wa kiangazi mwagilia kwa wingi mara mbili kwa wiki, lita 15 mpaka 20, badala ya kikombe kila siku. Majivu kuzunguka shingo husaidia yakiwa makavu, lakini mvua moja inayamaliza. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha watu wengi huyatumia, na kwa mche mmoja mmoja yanafaa ukirudia kila wiki.

Kichuguu kikiwa ndani ya kiwanja, chimba mpaka umpate malkia, kazi ambayo mara nyingi inataka mtu mwenye sururu na nusu siku. Usipompata malkia, watajenga upya. Ukiamua kutumia dawa, nenda duka la pembejeo, udai iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kwa ajili ya mchwa, usome lebo, na usikubali dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda.

Hatua ya 6: Harufu na ladha mbaya

Hii ni kinga ya nyongeza. Haichukui nafasi ya kizimba.

Samadi mbichi ya ng'ombe sehemu moja, maji sehemu mbili, koroga, paka majani na vijiti kwa ufagio mdogo. Mbuzi hapendi kula kilichopakwa kinyesi. Mvua kubwa ikinyesha, paka tena. Majani mapya yakitoka, paka tena, kwa sababu hayo hayana kitu. Usipake mboga wala tunda la kuliwa bichi.

Mayai viza ni bora zaidi. Dawa nyingi za kufukuza wanyama zinazouzwa nchi za nje zimetengenezwa kwa mayai yaliyooza, kwa sababu walaji wa majani hukimbia harufu hiyo. Muulize muuza chipsi au mfuga kuku akuwekee. Manne kwenye lita tano za maji, sabuni ya maji kidogo ili ishike majani, chuja kwa kitambaa, nyunyiza jioni. Harufu kwa binadamu inapungua ikikauka, lakini usifanye hivyo chini ya dirisha la mgeni.

Pilipili kichaa iliyotwangwa, ikalowekwa na kuchujwa, inawakera panya, sungura na mbuzi. Ndege haiwasumbui, hawasikii ukali wake. Vaa miwani unaponyunyiza, na simama upande unaotoka upepo.

Hatua ya 7: Tumbili na kima

Hawa nawapa aya zao kwa sababu mengi yanayofanywa dhidi yao ni kupoteza muda. Sanamu la nguo kuukuu litafanya kazi siku chache, kisha utawakuta wamekalia mabega yake. Kopo la kugonga vilevile. Wanatazama, wanapima, wanazoea.

Kinachosaidia ni kuwapunguzia sababu ya kuja. Funika jalala, usiache maganda ya ndizi na mabaki ya ugali nje, chuma matunda yaliyokomaa mapema, na mkanye yeyote mtaani anayewatupia chakula kwa kufurahisha watoto. Panda miche yako upande wa nyumba wenye watu, mbali na miti mikubwa ambayo matawi yake yanagusana na msitu. Tumbili hapendi kuvuka uwanja wazi wenye mbwa. Kwa miche michache yenye thamani, kizimba kiwe na paa la wavu. Bila paa, ukuta wa mita moja na nusu kwake ni ngazi.

Hatua ya 8: Kando ya msitu

Ukiwa na eka moja au zaidi jirani na msitu, vizimba havitoshi. Hapa uzio unafikiriwa kuanzia chini kwenda juu. Kwa paa na funo, urefu wa mita 1.2 unatosha kabisa. Kilicho muhimu ni kwamba hakuna upenyo ardhini. Kwa nguruwe pori, wavu wa nyaya ngumu uzikwe sentimita 30, au ulazwe juu ya ardhi kuelekea nje kwa upana wa sentimita 50 na ukandamizwe kwa mawe. Nguruwe huanza kufukua pale pale anapogusa uzio, na anakuta anafukua juu ya wavu.

Uzio hai ni wa bei nafuu ila unataka subira. Michongoma iliyopandwa safu mbili, kwa kupishana, na kukatwa mara kwa mara ili itoe matawi chini, hufunga vizuri baada ya miaka michache. Minyaa nayo hushika haraka kwa vijiti tu, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho. Kama una watoto wadogo, chagua michongoma.

Minazi inahitaji neno la pekee. Mche wa mnazi bado una nazi chini yake yenye chakula, na hiyo ndiyo nguruwe pori na nungunungu wanayoifuata. Tena mnazi una kilele kimoja tu cha kukulia. Mwembe ukiliwa juu utachipua ubavuni. Mnazi ukiliwa moyo, umekufa. Kwa hiyo kila mche wa mnazi uwe na kizimba chenye wavu uliozikwa, hata ndani ya uzio. Kilele hicho hicho ndicho chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, anachokitoboa. Anazaliana kwenye magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi, basi yaondoe. Watafiti wa minazi wako Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha Mikocheni, na kwa tatizo la chonga hao ndio wa kuwauliza.

Wanaopanda mikoko Mtoni au Kunduchi wana mlaji wao: kaa. Hula mbegu zikiwa zimechomekwa tu kwenye tope. Zilee kwanza kwenye viriba mpaka shina liwe gumu na liwe na majani kadhaa.

Kuhusu konokono, wakusanye kwa mkono alfajiri au usiku kwa tochi, ukiwa umevaa glavu au mfuko, kwa kuwa wanabeba vimelea. Geuza mbao na matofali yaliyolala; ndipo wanaposhinda mchana.

Jambo moja halina mjadala: usitege nyaya na usiweke sumu. Wanyamapori kama paa na tumbili wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kumuua paa aliyekula mche wako kunaweza kukufikisha mahakamani. Ndizi yenye sumu iliyowekewa tumbili ataiokota mtoto au mbwa wa jirani. Nguruwe pori wakizidi, toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ama kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) ukiwa jirani na Pande.

Hatua ya 9: Mwenye mbuzi

Pengine hii ingekuwa hatua ya kwanza. Mbuzi wa mtaani ana mwenyewe, na mwenyewe huwa anajulikana. Usiende na hasira wala na kijiti kilicholiwa mkononi. Nenda jioni, akiwa amepumzika. "Shikamoo mzee. Nimepanda miti pale kwangu, nimekuja tuzungumze kidogo kuhusu mifugo." Mara nyingi mtu anayefuata mbuzi ni kijana wa kazi, na mzee hajui wanapitishwa wapi. Mwambie saa na njia. Kama una majani unayokata kwenye kizimba, mwahidi yeye. Mbuzi aliyefungwa na kuletewa majani hana haja na mwembe wako.

Ikishindikana, nenda kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Halmashauri zina sheria ndogo kuhusu mifugo inayozurura, na kikao kimoja ofisini kwa mwenyekiti huwa kinatosha. Peleka picha zenye tarehe kwenye simu yako. Usimfunge mbuzi wa mtu uani kwako ukidai fidia, maana akifa mikononi mwako kesi inageuka.

Hatua ya 10: Mche ukishaliwa, na siku ya kutoa kizimba

Mche ulioliwa si lazima ung'olewe. Chukua kisu kikali, kata pale palipochanika mpaka kwenye sehemu nzima, juu kidogo ya jicho. Mwagilia, weka kinga, subiri. Gome likiwa limegugunwa upande mmoja tu, sawazisha kingo zake na uliache likauke. Mti utafunga kidonda wenyewe. Gome likiwa limeondoka mzunguko mzima, chakula kinachotengenezwa na majani hakina njia ya kushuka mizizini. Kata chini ya jeraha, uone kama utachipua.

Kwa miche ya kubebesha kuna mtego hapo. Embe la Apple, Kent au Alphonso limebebeshwa juu ya shina la mwembe wa kienyeji, na maungio yake unayaona kama kifundo sentimita 20 hivi juu ya udongo. Mbuzi akila juu ya kifundo, kitakachochipua ni kile ulichonunua. Akila chini yake, chipukizi ni la mwembe wa kienyeji, hata likiwa zuri na lenye afya, na utasubiri miaka ndipo ugundue. Kwa hiyo baada ya kuliwa, tafuta kifundo kwanza. Vichipukizi vya chini yake vikwanyue vyote. Kama juu ya kifundo hakuna jicho hata moja, amua: ubaki na mwembe wa kienyeji, au umwite fundi wa kubebesha aweke kikonyo kipya kwenye chipukizi hilo likifikia unene wa penseli.

Kizimba kitolewe majani ya chini yakishapita mita 1.8 na gome limekuwa gumu kiasi kwamba ukucha haulikwaruzi. Kwa mwembe unaomwagiliwa hilo linaweza kuchukua miaka miwili au mitatu. Usikitoe Agosti, njaa ya mbuzi ikiwa juu. Kitoe mvua za vuli zikishaotesha nyasi, na uache shina limevaa wavu wake mpaka mwaka unaofuata, ukiulegeza kila miezi michache ili usilikabe. Mabanzi yaliyo mazima yahamishie kwenye mche mwingine, yaliyoliwa na mchwa yachome mbali na miti.